Mama, Simu Mkononi na Mbio za Baiskeli

Ikiwa katika ukoo wenu yupo kijana anayependa baiskeli, au ikiwa mmepata kusimama na watoto kando ya barabara kuwatazama waendesha baiskeli wa mashindano wakipita, basi makala hii ni yenu. Tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa kulitazama juu juu laonekana dogo mno, nalo ni kupiga picha mbio za baiskeli. Nani kati yetu hapendi picha? Akina mama ndio watunzaji wa picha za ukoo. Sisi ndio tunaojua albamu imewekwa kabati gani, na siku hizi sisi ndio wenye simu zilizojaa picha hadi zinakataa kupokea nyingine. Mtoto akikimbia, mama hupiga picha. Lakini baiskeli ya mashindano si mtoto anayekimbia katika uwanja wa shule, wala barabara ya mashindano si uwanja.

Mwezi wa Septemba 2025 jiji la Kigali, nchini Rwanda, lilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kuanzia tarehe 21 hadi 28. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika katika bara la Afrika. Shule za Kigali zilifungwa kwa siku hizo, na watu wakajaa vilimani kutazama, watoto wakiwamo. Tarehe 27 Magdeleine Vallieres wa Kanada alishinda upande wa wanawake, na siku iliyofuata Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda upande wa wanaume kwa mwendo wa kilomita 267.5. Vilima vya Kigali havikumhurumia mtu: kati ya wanaume zaidi ya 160 walioanza, ni 30 tu waliofika mwisho.

Sisi tunaamini kwamba mashindano ya namna hii yatazidi kusogea karibu na milango yetu. Tutasimama kando ya barabara, mtoto mkono huu, simu mkono huu. Kwa hiyo yafaa tujifunze mapema kutoka kwa waliotutangulia, na waliotutangulia kwa miaka mingi ni Wafaransa.

Yaliyotokea Ufaransa

Mbio za kuzunguka Ufaransa, zinazojulikana kwa jina la Tour de France, zilianzishwa mwaka 1903 na gazeti lililoitwa L'Auto, kwa nia ya kuuza nakala nyingi zaidi. Kwa hiyo mbio hizi na watu wa habari ni ndugu wa tumbo moja. Watazamaji hawalipi kiingilio. Barabara ndiyo uwanja, na mtu anaweza kusimama karibu na mwendesha baiskeli kiasi cha kusikia pumzi yake. Huo ndio uzuri wake, na humo humo ndimo mna hatari.

Tarehe 3 Julai 1994 kundi la waendesha baiskeli lilikuwa likiingia katika mji wa Armentières, kaskazini mwa Ufaransa. Zilibaki mita chache tu kufika mwisho, na wenye mbio kali kuliko wengine walikuwa wamejitokeza mbele, vichwa chini, kila mtu akitafuta ushindi. Kando ya vizuizi alisimama askari polisi aliyekuwa kazini kulinda usalama. Askari huyo akajitokeza kidogo barabarani na kamera ili apate picha ya wanaokuja. Wilfried Nelissen wa Ubelgiji, aliyekuwa akipita kando kabisa, akamgonga kwa nguvu zote. Laurent Jalabert wa Ufaransa naye akaanguka, uso wake ukaumia vibaya, mifupa na meno vikavunjika. Wote wawili wakaiacha Tour ya mwaka ule. Jalabert alipona, na mwaka uliofuata akashinda mbio kubwa za kuzunguka Hispania, lakini hakuwa tena yule mtu wa kugombea mita za mwisho kama zamani.

Tafadhali mtafakari jambo hili. Huyu hakuwa mlevi wala mtoto. Alikuwa askari, aliyewekwa pale kwa sababu ya kuwazuia wengine wasiingie barabarani. Kama kamera iliweza kumsahaulisha yeye mahali aliposimama, itashindwaje kutusahaulisha sisi?

Miaka mitano baadaye, tarehe 14 Julai 1999, Mwitalia Giuseppe Guerini alikuwa akipanda peke yake mlima wa Alpe d'Huez, ushindi ukiwa mikononi mwake. Katika kilomita ya mwisho kijana mmoja mwenye kamera akasimama katikati ya barabara ili apate picha ya kutoka mbele. Akachelewa kujua aende upande gani, na Guerini akamgonga na kuanguka. Kwa bahati njema mlimani mwendo ni mdogo. Aliinuka, akapanda tena na kushinda.

Katika mlima huo huo, tarehe 19 Julai 2018, Vincenzo Nibali hakuwa na bahati hiyo. Palikuwa na umati mkubwa na moshi wa fataki, njia ikawa nyembamba, na ilielezwa kwamba mkanda wa kamera ya mtazamaji ulinasa usukani wa baiskeli yake. Akaanguka kwa kishindo. Hapa sisi tulio katika kazi ya uuguzi tunaomba msikilize kwa makini. Nibali aliinuka, akawafukuza wenzake hadi juu, na akamaliza nyuma ya mshindi kwa sekunde 13 tu. Aliyemwona angesema hana neno. Vipimo vya hospitali vikaonyesha kwamba pingili moja ya uti wa mgongo imevunjika, na mbio zake zikaishia hapo. Mwili wenye joto la mashindano huficha maumivu. Mtu aliyeanguka akikwambia "mimi niko salama", hiyo ni habari njema lakini si kipimo.

Mwaka 2021 lilitokea jambo la namna yake. Tarehe 26 Juni, katika siku ya kwanza ya mbio, mwanamke mmoja alisimama ukingoni mwa barabara na bango la kadibodi lenye salamu kwa babu na bibi. Yeye hakuwa akipiga picha, alitaka kupigwa. Uso aliuelekeza kwenye kamera ya televisheni, mgongo akaupa kundi zima la waendesha baiskeli. Mjerumani Tony Martin akaligonga lile bango, na nyuma yake wakaanguka makumi ya watu kama viberiti vilivyopangwa. Marc Soler wa Hispania alimaliza safari ya siku hiyo akiwa amevunjika mikono yote miwili. Mwezi Desemba mahakama ya mji wa Brest ilimtoza mwanamke yule faini ya euro 1,200. Hatuna nia ya kumsema. Kumsalimu bibi si kosa; wengi wetu tungefurahi kusalimiwa hivyo na wajukuu. Kosa lilikuwa mgongo ule.

Na tusidhani kwamba watu wamekwisha kujifunza. Tarehe 16 Julai 2023 mtazamaji mwingine alinyoosha mkono wake barabarani akiwa na simu, akamgusa Sepp Kuss wa Marekani, na waendesha baiskeli wapatao ishirini wakaanguka pamoja.

Jinsi kamera inavyodanganya

Pengine utauliza: mtu mzima mwenye akili zake anawezaje kutoiona baiskeli inayomjia? Jibu ni kwamba anaiona, lakini anaiona ndani ya kioo.

Lenzi ya kawaida ya simu imetengenezwa ili iingize vitu vingi katika picha moja, watu wa harusi nzima kwa mfano. Ili kuviingiza vyote, huvionyesha vikiwa vidogo na mbali kuliko vilivyo. Mwendesha baiskeli aliye mita 20 kutoka kwako huonekana katika simu kama sisimizi. Nawe unasubiri akue. Unanyoosha mkono ili umsogelee. Wakati anapoonekana mkubwa kama unavyotaka, tayari amekwisha kufika kwenye vidole vyako.

Kamera yenye lenzi ndefu hudanganya kinyume chake. Huvuta kitu cha mbali kikaonekana karibu, lakini hufunga pande zote mbili kama vile vifuniko vya macho anavyovishwa punda wa mkokoteni. Mpiga picha anamwona vizuri mtu wa tatu na hamwoni kabisa wa kwanza.

Sasa tuweke hesabu kidogo. Katika mita za mwisho za tambarare, waendesha baiskeli hodari hufikia mwendo wa kilomita 65 kwa saa. Hiyo ni mita 18 kwa kila sekunde moja. Tamka neno "Haleluya" taratibu, na mtu amekwisha kupita urefu wa basi na nusu. Binadamu huhitaji sekunde moja hivi kuona hatari na kuanza kuondoka, na huyo ni mtu ambaye macho yake yako barabarani, si katika simu. Pia mkono wa mtu mzima ukinyooshwa huingia barabarani zaidi ya nusu mita. Mwendesha baiskeli aliye pembeni ya kundi hana nusu mita ya ziada. Kushoto kwake yuko mwenzake, bega kwa bega, na mbele yake kuna gurudumu ambalo pengine limemwacha kwa upana wa kiganja na nusu. Walio nyuma hawaioni barabara kabisa. Wanaona migongo tu. Ndiyo maana akianguka mmoja huanguka ishirini.

Nguo zao ni nyembamba kama soksi. Kinga pekee iliyopo ni kofia ngumu, nayo ilifanywa kuwa lazima katika mashindano makubwa mwaka 2003, baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kuanguka na kufa katika mbio za Paris–Nice.

Wapiga picha wa kazi

Mtu anaweza kusema, mbona wapiga picha wa magazeti wako katikati ya barabara? Ni kweli, lakini wako huko kwa masharti. Katika mbio kubwa mpiga picha hubebwa na pikipiki inayoendeshwa na mtu aliyezoea kazi hiyo, na yeye hukaa nyuma, mara nyingine akiwa amegeukia kule wanakotoka waendesha baiskeli. Hawaruhusiwi kusogelea kundi wakati wowote wanaotaka. Yupo msimamizi anayewapa nafasi kwa zamu. Mahali pa kumalizia hupangwa nyuma ya mstari, mbali kiasi cha waendesha baiskeli kupata nafasi ya kufunga breki, nao hutumia lenzi ndefu kutoka hapo.

Hata pamoja na masharti hayo, ajali hutokea. Mwaka 2011 pikipiki ya mpiga picha ilinasa baiskeli ya Nicki Sørensen wa Denmark na kuiburuta, na waandaaji wakaifukuza pikipiki hiyo mashindanoni. Siku chache baadaye gari la televisheni, likikwepa mti, lilimgonga Juan Antonio Flecha, naye Johnny Hoogerland wa Uholanzi akarushwa juu ya seng'enge. Alishonwa nyuzi 33.

Wasomaji wetu wa Kenya watamkumbuka Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kujifunza mbio kwa David Kinjah huko Kikuyu, kisha akaishinda Tour de France mara nne kwa jina la Uingereza. Tarehe 14 Julai 2016, katika mlima wa Ventoux, watu waliziba njia hadi pikipiki ya televisheni ikasimama ghafla. Froome na wenzake wawili wakaigonga kwa nyuma. Baiskeli yake ikaharibika, gari la timu halikuweza kupenya umati, naye akaanza kukimbia kwa miguu kupanda mlima, na viatu vyake vya baiskeli. Ulimwengu wote ulicheka siku ile. Tukiri kwamba ilichekesha. Lakini pikipiki haikusimama yenyewe. Ilisimamishwa na watu waliokuwa wakisogea hatua moja moja ili waone vizuri zaidi.

Mkono wa mtoto

Hili ndilo hasa lililotufanya tuandike. Katika Tour de France, kabla ya waendesha baiskeli kupita, hutangulia msafara wa magari ya matangazo, yakirusha pipi, kofia na vidude vya kuchezea. Watoto hushangilia na kuokota. Mwaka 2000 mtoto wa kiume wa miaka 12 aligongwa na gari la msafara huo akafa. Mwaka 2002 akafa mwingine, wa miaka 7.

Magari ya matangazo ya namna hiyo tunayo hata kwetu, na watoto wetu huyakimbilia vivyo hivyo. Mama anayepiga picha ana mikono miwili kwenye simu. Basi mkono wa mtoto umeshikwa na nani? Tunashauri kwamba mkienda watu wazima wawili mgawane kazi: mmoja na kamera, mwingine na watoto, bila kubadilishana wakati magari na baiskeli zinapita. Ukienda peke yako na watoto wadogo, acha simu mkobani. Picha utaomba kwa jirani jioni.

Chagueni upande mmoja wa barabara mkae wote upande huo huo. Familia iliyogawanyika, baba na shangazi ng'ambo, mama na watoto huku, ni familia ambayo mtoto mmoja atataka kuvuka. Na mwendesha baiskeli wa kwanza akipita, mbio hazijaisha. Wapo wengine nyuma, yapo magari ya timu yenye baiskeli juu ya paa, ipo gari ya daktari. Yote huenda kasi. Msivuke hadi gari la mwisho kabisa lipite.

Mahali pa kusimama

Kwa anayetaka picha nzuri bila hatari, apande mlimani. Pale mwendo hushuka hadi kilomita 15 au 20 kwa saa, nyuso zinaonekana, na jasho pia. Sehemu mbaya kuliko zote ni upande wa nje wa kona iliyo chini ya mteremko, kwa kuwa anayeteleza hutupwa huko huko. Upande wa ndani nao si wa kusogelea ukingo, maana wao huikata kona karibu kabisa. Simameni hatua mbili nyuma ya ukingo, mahali penye ukuta, mti au kizuizi kati yenu na lami. Mikanda ya kamera na mikoba izungushwe mkononi isining'inie. Kanga na vitenge vya begani vifungwe, upepo usije ukavipeleka kwenye magurudumu.

Kisha fanyeni hivi: inueni simu, chagueni sehemu ya barabara mtakayoipiga, halafu ishusheni kidogo na kutazama kwa macho yenu wenyewe kule wanakotokea. Wakiingia katika sehemu ile mliyoichagua, bonyezeni. Wapiga picha hodari hufuata mwendesha baiskeli kwa kugeuza kiuno taratibu, miguu ikiwa imetulia pale pale, na hivyo mtu hutoka vizuri huku nyuma yake pakiwa na ukungu wa mwendo. Mkijaribu mara kumi mtapata moja. Miguu isitembee, hilo ndilo jambo.

Akianguka mbele yako

Jambo la kwanza si kumkimbilia. Wengine wanakuja nyuma yake, na anayeingia barabarani huongeza majeruhi. Wenye sauti na wapande nyuma kidogo, wakiwa kando ya barabara, wakipunga mikono ili wanaokuja wapunguze mwendo. Njia ikiwa salama, msaidizi mmoja au wawili wanatosha.

Msimwinue kwa makwapa, na msimvute atoke barabarani isipokuwa kama kuna hatari kubwa ya kugongwa. Ikiwa analalamika shingo au mgongo, mwambieni atulie, na mmoja ashike kichwa chake kisigeuke. Kofia ngumu msiivue, isipokuwa kama inamzuia kupumua. Damu ikitoka kwa wingi, bonyezeni kwa kitambaa safi bila kufunua funua kutazama. Waendesha baiskeli huvunjika sana mfupa wa mtulinga, kwa sababu wakianguka hutanguliza mkono; mtamwona ameushika mkono mmoja kwa mwingine na bega limeshuka. Mwacheni aushike hivyo hivyo hadi daktari afike.

Akiuliza swali lile lile mara tatu, au akitapika, au asijue yuko wapi, ubongo umetikisika, naye asirudi kwenye baiskeli hata akilia. Tangu mwaka 2021 chama cha dunia cha mbio za baiskeli, UCI, kimekuwa na utaratibu maalumu wa kuwachunguza waliogonga kichwa. Vijana wetu wa mitaani hawana daktari wa timu, wana mama.

Michubuko ya lami isafishwe kwa maji safi mengi na sabuni hadi mchanga utoke, ingawa inauma. Dawa ya meno, mafuta ya taa na majivu havina kazi hapo. Kisha aende zahanati akaulizwe juu ya chanjo ya pepopunda.

Na simu? Iwe ya kumwita daktari. Tumeona jinsi picha ya mtu aliyelala barabarani inavyozunguka kwenye simu za watu na kumfikia mama yake kabla hajajua kama mwanawe yu hai. Msimpige picha aliyeanguka, na jirani yako akimpiga, mshike mkono kwa upole umwombe asiitume.

Baada ya dakika chache kundi kubwa litakuwa limepita. Msiondoke bado. Nyuma kabisa huja wale waliochoka, wawili watatu, wakipanda pole pole huku gari la mwisho likiwafuata. Hao ndio rahisi kuwapiga picha, na wakisikia akina mama wakiwapigia vigelegele, wengine huweza kuinua kichwa na kutabasamu.